Usimeze Mpaka Wamalize

Mimi watu nawajua kwa sauti kabla ya sura. Mweke mtu nyuma ya mgomba, akohoe tu, nitakwambia ni nani, amekula nini, na kama asubuhi amegombana na mke wake. Na nikishamsikia mara moja, basi, sauti yake inakuwa yangu. Mchungaji wetu ninaye humu kooni. Mwenyekiti wa kitongoji ninaye. Jogoo wa jirani, yule mwenye mafua, ninaye pia, na siku moja nilimwamsha jirani saa si zake akaenda kumchinja jogoo wake bure. Shule sikuijua hata mlango wake. Wenzangu walijaza vichwa, mimi nikajaza koo. Haya maneno nayasema mimi, mjukuu wangu anayaandika, na akichomeka la kwake nitalijua tu, maana litakuwa na adabu kuliko yangu.

Huyo mjukuu ndiye habari yenyewe. Alimaliza chuo cha kompyuta huko mjini, wenzake wote wakabaki hukohuko, yeye akarudi Ihembe na begi moja na miwani. Watu wakasema amefukuzwa. Mimi nikasema amenikumbuka. Chama chetu cha kahawa kilikuwa kimeungana na vyama vingine, cha Rugu, cha Kimuli kule wilaya ya Kyerwa, wakaweka mizani za kompyuta. Unaleta kahawa yako ya maganda, inapimwa, jina lako linatokea kwenye kioo, unaondoka. Na kompyuta hizo zote, kumbe, zina mama yao, amekaa chumbani kwenye stoo ya chama hapa Ihembe. Anaitwa seva. Mjukuu wangu ndiye aliyemfunga seva huyo, ndiye anayemtunza.

Nilimuuliza, "Sasa huyo seva anafanya kazi gani?"

"Bibi, ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine. Kila moja ikitaka kitu inamwita yeye. Yeye anawajibu wote."

"Wanamwita kwa pamoja?"

"Kwa pamoja."

"Na halali?"

"Halali."

"Waitu! Huyo ni mimi nilipoolewa kwenye ukoo wa babu yako."

Alicheka mpaka akavua miwani. Nyumba yangu ilikuwa imekaa kimya tangu babu yake atutoke, nikisema neno najibiwa na ukuta. Tangu mtoto huyu arudi, kila asubuhi napata wa kumtania. Kwa hiyo watu wa kompyuta walipoanza kumsema vibaya seva, hawakujua wanaigusa na nyumba yangu.

Walimsemaje? Walisema ni mzito.

Mtandao wa simu kwetu unashika pembe moja tu ya baraza, pale ninapoanika kahawa. Ndipo mjukuu anapokalia kigoda, simu kaiweka kwenye kinu kilichogeuzwa, spika imefunguliwa, wanafanya vikao vyao. Mimi niko pembeni namenya ndizi. Hakuna aliyeniambia nisisikilize. Sura za watu wale sikuwahi kuziona, lakini ndani ya wiki ile ya kwanza nilikuwa nawajua kama watoto niliowazaa.

Kulikuwa na karani wa mizani wa Kimuli. Sauti nzito, ya polepole, kama mtu anayeongea kutoka ndani ya pipa. "Mimiii... nabonyeza. Halafuuu... nangoja. Mkulima ananiangalia. Mimi... namwangalia. Tunaangaliana."

Kulikuwa na mtaalamu wa chama kikuu. Huyo sauti nyembamba, inakimbia kama inafukuzwa na nyuki. "Kimsingi dada yangu hiyo mashine ni ndogo kimsingi tungekodi seva ya mbali huko nchi za watu wenye mashine kubwakubwa kimsingi tatizo lingekwisha asante."

Na kulikuwa na mama mwenyekiti wa chama kikuu, sauti ya mtu anayegawa sadaka. "Wapendwa. Tusikilizane, wapendwa."

Na mjukuu wangu? Huyu mtoto mpole, mtoto anayemsalimia hata mbuzi, akisikia seva yake inasemwa anageuka siafu. "Hiyo si kweli! Nina grafu! Hapa kwangu inajibu haraka! Labda kompyuta yako wewe ndiyo mbovu! Labda mtandao wa Kimuli! Labda hujui kubonyeza!"

"Dadaaa," anasema karani, "mimi... kubonyeza... najua."

"Nakutumia grafu!"

Anamtumia grafu. Kesho yake karani anapiga tena, bado anangoja, bado anaangaliana na mkulima. Anatumiwa grafu nyingine. Yule wa kimsingi naye anaruka katikati, wanabishana, huyu anasema mashine ndogo, huyu anasema ya hapa inafikiwa kwa minara ya chama yenyewe, intaneti ikikatika hiyo seva ya mbali mtaipataje, mizani zote si zitasimama. Na hilo, hata mimi niliona ana haki, maana intaneti ya kwetu mvua ikinyesha nayo inaingia ndani. Lakini alilisema kwa ukali mpaka likasikika kama tusi. Nikawa naona namenya ndizi kwa kasi kuliko zinavyotakiwa.

Siku moja mama mwenyekiti akasema, "Wapendwa, imetosha. Tutakuja Ihembe wenyewe. Tutaiona hiyo mashine, tutasikiliza pande zote, na tukitoka hapo tutakuwa tumeamua. Ibaki, au izimwe tukodi ya mbali."

Simu ikakatika. Mjukuu akabaki amekaa.

"Wakiizima?" nikamuuliza.

"Hakutakuwa na kazi yangu hapa, Bibi. Nitarudi mjini kutafuta."

Nikawatupia kuku ndizi nzima, maganda nikayaweka sufuriani. Kuku alikuja akanitazama usoni.

Sasa ngoja nikueleze habari ya omuramba, maana bila omuramba hili jambo halieleweki. Omuramba ni maji matamu ya ndizi mbivu, ya kukamua kwa nyasi, yasiyolevya. Sisi wanawake wa kikundi chetu ndio tunaokamua wa harusi zote na kipaimara zote za huku, mpaka Rugu wanatuita. Ndizi za kukamua lazima ziive kwa joto, ziive pamoja, siyo moja imeiva nyingine bado inajifikiria. Tulikuwa tunazifukia shimoni kwenye majani makavu, lakini mvua za mwaka huo zilijaza mashimo, ukifukua unakuta supu. Tukalia. Mjukuu wangu kwa moyo wake mzuri akasema, "Msihangaike, kule stoo ya chama nina mahali pakavu, pana joto zuri sana." Ufunguo anao yeye. Tukawa tunamkabidhi mikungu mlangoni, anaingiza mwenyewe, siku zikifika anatutolea ndizi zimeiva sawasawa, za manjano, laini, zinanukia mpaka barabarani. Omuramba wa mwaka huo ulikuwa haujawahi kutokea. Walutheri waliusifia, Wakatoliki waliusifia. Kwa hiyo nyumbani kwangu kibuyu kilikuwa hakikauki.

Basi. Mkutano ukiwa umekaribia, mjukuu akanijia jikoni, uso umekunjamana kama kisamvu kilichoachwa juani.

"Bibi, nifanyie sauti zao."

"Za kina nani?"

"Wote. Nataka nijizoeze kuwajibu."

Kuniomba mimi jambo hilo ni kama kumwomba mbuzi aonje mahindi. Nikaweka kisu chini. Nikaweka kitambaa begani, nikashuka ndani ya pipa. "Dadaaa. Mimiii... nabonyeza. Halafuuu..."

Hakunisubiri nimalize. "Hiyo si kweli! Nina grafu ya wiki nzima!"

Nikageuka mtu wa nyuki. "Kimsingi dada yangu wiki nzima kimsingi umepimia wapi kimsingi umepimia hapohapo kwako..."

"Kwa hiyo unasema mimi sijui kazi?"

Nikawa mama mwenyekiti. "Wapendwa..."

"Hata wewe mama mwenyekiti hukuwahi kunisikiliza!"

Nikamtazama. Halafu nikafanya sauti moja ambayo sikuwahi kuifanya ndani ya nyumba hiyo. Nikajisukumia miwani isiyokuwepo puani, nikanyoosha shingo, nikapiga meza. "Si kweli! Nina grafu! Nina grafu ya grafu! Labda Kimuli ndiyo mbovu! Labda mkulima ndiye mbovu! Labda kahawa!"

Akaacha kubishana. Hata sufuria iliacha kuchemka, au niliona hivyo.

"Bibi," akasema polepole, "hivyo ndivyo nilivyo?"

"Hapana mjukuu wangu. Wewe meza unaipiga kwa nguvu zaidi. Mimi mkono una utomvu wa ndizi."

Midomo ikamtetemeka. Nikadhani analia. Kumbe kicheko kinatafuta mlango. Kilipotoka kilitoka chote, akajishika kwenye nguzo ya jiko, akawa anasema "kahawa! labda kahawa!" na machozi yanamtoka. Na mimi nikacheka kwa kumwona. Tulicheka mpaka jirani akauliza kule ng'ambo ya migomba tumepewa nini na yeye hajapewa.

Tulipotulia akasema, "Lakini Bibi, mimi siwezi. Wakianza tu, maneno yananitoka yenyewe."

"Basi tuyazibe."

Nikachota omuramba, nikampa kikombe. "Piga funda. Shika kinywani. Usimeze mpaka wamalize."

Akapiga funda, mashavu yakavimba. Nikaanza. "Dadaaa. Seva yako... ni nzito... kama bibi yangu." Macho yakamtoka, akataka kujibu, akakumbuka kinywa. Nikaongeza. "Kimsingi dada yangu hiyo seva kimsingi tungeiuza chuma chakavu." Mashavu yakatetemeka. "Wapendwa, nasikia hata kuku wa bibi yake wanaijua kompyuta kuliko yeye." Hapo hakustahimili. Omuramba wote ukanijia usoni, kwenye kitenge, kwenye ndizi zilizomenywa. Kuku wakaja mbio kunidonoa miguu.

Tulirudia. Alinilowesha tena. Tulirudia tena mpaka akaweza kunitazama nikimtukania seva yake kwa sauti zote za wilaya mbili, na yeye katulia, mashavu yamejaa, kama mtoto anayesubiri kupigwa picha.

"Haya, nikishameza," akasema, "ndiyo nisemeje?"

"Mimi nitajuaje mambo ya seva? Mtu akiniambia ndizi zangu zina chumvi nyingi, namuuliza, umepakuliwa kutoka sufuria ipi? Maana pengine sufuria ile alipika shemeji yake mwenyewe."

Alifikiri hapo. Alifikiri muda mrefu mpaka nikamkumbusha kwamba kikombe ni changu, akirudishe.

Siku ya mkutano nilivaa kitenge changu cha kwenda kanisani. Mimi ni mwanachama, kahawa yangu inapimwa pale, nani atanizuia? Nikabeba na kibuyu, wageni wasikae na koo kavu. Stoo ya chama ilikuwa imefagiliwa, viti vimepangwa, wakulima wamejaa mpaka madirishani. Nikakaa mbele.

Sasa wakaingia wale watu wa kooni mwangu. Nikatazama. Nikaona jitu, lakini jitu kweli, mlango wenyewe ulimwinamia kabla yeye hajauinamia mlango. Nyuma yake kijana mdogo mwembamba, kola ya shati inamzidi shingo, unaweza kumtia mfukoni ukasahau. Nikajiambia, huyo jitu ndiye karani wa Kimuli, sauti ya pipa. Jitu likanijia, likainama kwa heshima.

"Shikamoo mama kimsingi tumefurahi kuwaona asante."

Ile sauti ya nyuki ilikuwa inatoka kwenye mlima ule! Na kale kembamba nako kakanisogelea, kakafungua kinywa, pipa zima likavingirika nje. "Shikamooo... Bibi."

"Marahabaaa," nikamjibu, na ilinitoka kwa sauti yake mwenyewe, sikukusudia. Akanitazama. Akageuka nyuma kuona nani ameongea. Mjukuu wangu kule mbele akajifunika uso kwa mkono.

Mama mwenyekiti, mama mnene mzuri wa kilemba, akaomba, akasema wapendwa, akafungua. Mjukuu alikuwa amekaa mezani na kikombe cha bati mbele yake. Mimi tu ndiye niliyejua cha nini.

Karani akaanza. "Mimiii..." Mjukuu akapiga funda. Karani akasimulia yote, kubonyeza, kungoja, kuangaliana. Akasema wakulima wa Kimuli sasa wanakuja na kiazi cha kuchoma wakijua watakaa. Watu wakacheka. Nikaona shingo ya mjukuu inanyooka. Nikaona mkono unatafuta meza. Nikamtolea macho. Akatulia. Karani alipofika mwisho, na mwisho wake uko mbali, mjukuu akameza, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Pole, kaka yangu. Naomba nikuulize. Seva ni mzito siku zote, au kuna siku yuko sawa?"

Karani akafumba macho. Nadhani hakuwahi kuulizwa. Kwenye simu alikuwa akipewa grafu tu.

"Siyooo... siku zote."

Mtu wa kimsingi hakuweza kungoja. "Kimsingi dada yangu siku zote au siyo siku zote mashine ni ndogo kimsingi wewe unatetea kitu chako tu kama mama na mtoto mbaya..."

Hapo nilishika kiti. Mtoto mbaya! Mjukuu akapiga funda kubwa, mashavu yakajaa kama chura. Jitu likamaliza, likasema asante. Funda likashuka.

"Inawezekana ni ndogo, kaka. Hilo tulipime pamoja. Na kweli natetea, naipenda. Lakini hebu tumwache huyu amalize kwanza. Kaka wa Kimuli, siku mbaya ni zipi?"

Mama mwenyekiti akainua macho kutoka kwenye karatasi zake. Alimtazama mjukuu wangu kana kwamba kaletewa mtu mwingine.

Karani bado amefumba macho, anahesabu kimoyomoyo. "Wiki ile ya harusi... ya hapa kwenu Ihembe. Ilikuwa mbaya saaana. Halafu... ikapona. Halafu... wiki ya kipaimara. Mbaya. Ikapona. Halafu... harusi ya Rugu. Nakumbuka... kwa sababu nilialikwa. Nikachelewa... kwa ajili ya seva. Nikakuta omuramba... umeisha."

Watu wakaangua kicheko. "Seva inakwenda harusini!" mmoja akapiga kelele dirishani. Lakini mjukuu wangu hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe hewani, hanywi, haweki chini. Akageuka taratibu akanitazama mimi. Mimi nikamtazama yeye. Wiki ijayo ilikuwa na harusi, na mikungu tulikuwa tumemkabidhi.

"Mama mwenyekiti," akasema, "naomba twende wote kwenye chumba cha seva."

Tukaenda kwa kusukumana. Akafungua mlango. Mama yangu! Joto lilitupiga usoni kama umefunua chungu, na harufu, ee, harufu tamu ya ndizi zilizoiva mpaka zinataka kuongea. Seva mwenyewe, kisanduku cheusi chenye taa zinazokonyeza, alikuwa amekaa katikati ya mikungu yetu kama bibi harusi katikati ya mashangazi. Mikungu huku, mikungu kule, imefunikwa majani makavu ya migomba na magunia, mmoja umemwegemea kabisa kwenye matundu ya kupumulia. Ndani feni inalia kama mtoto mwenye njaa.

Jitu la kimsingi likaweka kiganja juu ya seva, likakiondoa upesi. "Kimsingi," likasema, na safari hii polepole, "huyu ana homa."

Mjukuu akasimama mlangoni, akageukia watu wote. Sikumfanyia sauti yoyote. Hakuhitaji.

"Kosa ni langu," akasema. "Kompyuta ikipata joto sana inajipunguza mwendo yenyewe isiungue. Kengele ya joto ilikuwa inalia, mimi nikadhani imeharibika, nikaizima. Nikabaki na grafu nyingine zote. Na grafu hizo nilikuwa nazipima asubuhi, bado chumba kina baridi. Ninyi mnapima kahawa mchana. Huyu kaka ameniambia na kuniambia, na mimi nilikuwa najibu kabla sijasikia. Samahani, kaka."

Karani akawaza. Tukangoja, tukajua sasa wakulima wa Kimuli wanapitia nini. "Si... neno," akasema. "Nilifikiri... ni mimi."

Ndipo wanachama wote tukawa vibarua. Mikungu ikatolewa mkono kwa mkono, majani yakafagiliwa, madirisha yakafunguliwa, na lile jitu likabeba mikungu mitatu kwa mpigo bila kusema kimsingi hata mara moja. Kelele za kicheko humo, utani, kila anayepita na mkungu anaulizwa kama ndiyo grafu. Seva akaachwa peke yake apumue. Baada ya muda feni ikanyamaza.

"Piga Kimuli," mama mwenyekiti akasema.

Karani akampigia msaidizi wake mizanini, akaweka spika. Watu tukabana pumzi. "Bonyezaaa," akamwambia.

"Nimebonyeza," ikajibu sauti ya msichana. "Imeshatokea."

"Bonyeza... tena."

"Imeshatokea, kaka! Hata mkulima anashangaa. Anasema hajamaliza kiazi chake!"

Paa la bati lilitaka kuondoka. Wanawake tulipiga vigelegele, na mimi nilipiga vya sauti yangu mwenyewe, ambavyo watu hawavisikii mara nyingi.

Sasa usidhani jitu lilishindwa. Lilisimama, likasema kimsingi mashine bado ni ndogo, mwakani wakulima wataongezeka, na stoo ikiungua je, kahawa ya watu wote itapotea humo? Watu wakaanza kuguna, wanataka mjukuu amjibu, ampige. Mjukuu akapiga funda. Akameza. Akasema, "Hapo una haki, kaka. Sina jibu la stoo kuungua. Tuweke nakala kwenye hiyo seva ya mbali, kila siku itumwe. Ya hapa ifanye kazi, ya mbali itunze." Jitu likacheka, kicheko kinene ambacho sikutegemea, kama kilikuwa kimefichwa humo siku zote. "Kimsingi," likasema, "nilikuja na hoja nyingine nyingi, lakini hunipi pa kuzipigia."

Wakakaa pembeni na mama mwenyekiti, wakasemezana, wakarudi. "Wapendwa," akasema, "mashine inabaki Ihembe. Nakala itakwenda mbali. Na huyu binti anabaki na kazi yake, ila ufunguo wa chumba kile utakaa na watu wawili, na ndizi zisiuone tena mlango huo."

Mimi nilisikia "anabaki". Hayo mengine nilielezwa baadaye.

Ndizi zilikuwa zimeiva, na zikiiva haziulizi habari za mkutano. Tukaletewa hori la kukamulia hapohapo uwanjani, tukakata nyasi, wanawake tukaingia kazini. Tukakamua mchana ule, wageni wamevua viatu, mtu wa kimsingi amekunja suruali anatusaidia kukanda, mikono ile imefanya kazi ya wanawake watano. Za harusi tulisema Mungu atatupa zingine. Vikombe vikazunguka. Watu wakaniomba sauti, nikawapa. Nikafanya mkutano mzima tangu mwanzo, mpaka mama mwenyekiti akalia kwa kicheko akisema, "Wapendwa, mwondoeni huyu mama." Nikamfanya jitu mbele ya jitu, akanishika mkono akasema kimsingi ndiye yeye.

Halafu karani wa Kimuli, ambaye siku ile ya harusi alikuta umeisha, akapewa kikombe chake kilichojaa. Akanywa. Akafumba macho. Wote tukamngoja, maana kwa kweli huyu ndiye tulikuwa tumemkosea.

"Bibi," akasema. "Ni mtamu."

"Asante mwanangu."

"Lakiniii..."

"Lakini nini?"

"Ni... mwepesi. Mmeutia... maji mengi."

Mwepesi! Omuramba wangu! Wakatoliki waliusifia! Nikasikia damu inapanda, shingo inanyooka, mkono unatafuta meza. Nikafungua kinywa nimwambie labda ulimi wake ndio mwepesi, labda maji ya Kimuli, labda kikombe.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama pembeni, miwani inang'aa, na kikombe kimejaa. Akanisogezea mdomoni, na kwa sauti ambayo ilikuwa yangu kabisa, mikwaruzo na yote, sijui aliiiba lini, akasema:

"Piga funda, Bibi. Shika kinywani."

Nikashika. Karani akaendelea kunieleza kuhusu maji, polepole, neno baada ya neno, na mimi nimesimama hapo mbele ya watu wote, mashavu yamejaa.